Funga Mlango

Alioni alinijia na noti ya elfu hamsini,
akasema: Mzee, tamasha la sinema za Kitaliano,
siku tatu, hapa hapa Arua, nyuma ya soko la Oli,
tunataka sauti yako. Nikaikunja noti
kabla sijauliza Italia iko upande gani.

Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye kibanda cha mbao
nikiwasemea Wachina, Wahindi, Wamarekani.
Mtu akipigwa risasi, anayelia "Mama yangu!" ni mimi.
Wakibusiana, nawaambia watoto wafumbe macho
kisha naeleza kila kitu.
Kwangu kimya ni deni. Kikizidi sekunde kumi
mteja anadai mia tano yake.

Siku ya kwanza, filamu mpya:
vijana wa mjini, simu nzuri, kodi ya nyumba imewashinda,
msichana kwenye pikipiki anasambaza chakula asichokila.
Boda mwenzetu! wakapiga kelele vijana wa stejini.
Nikampa Kiswahili chao, chenye matusi kidogo,
wakacheka mpaka jenereta likaona wivu, likazimika.

Siku ya pili, mvua. Tuiache.

Siku ya tatu wakaleta ya zamani, nyeusi na nyeupe,
juu ya shuka nne zilizoshonwa pamoja,
mshono ukipita katikati ya pua ya kila mtu.
Mwanamke anakanda unga.
Anakanda.
Dirisha. Moshi. Kuku mmoja anayejua aendako.
Mwanawe anafunga sanduku kwa kamba,
anakwenda kuchimba makaa katika nchi ya watu.
Mama anakanda.
Dakika nne hakuna aliyefungua mdomo,
si kwenye shuka, si uwanjani.
Mimi, ambaye sikosi neno, kama muuza sumu ya panya,
niliyajaribu yangu moja moja
yakanipwaya kama viatu vya marehemu.

Kijana akafika kizingitini.
Mama akasema kitu, macho yako kwenye unga.
Chini yakapita maandishi ya Kiingereza: nenda salama, mwanangu.
Nikayasema kwa sauti ya mazishi,
ile ninayoilipisha zaidi.

"Uongo!"
Ni Candiru, mstari wa pili, kwenye kiti alichotoka nacho kwake,
Candiru aliyefua shuka za hospitali ya misheni
miaka thelathini chini ya masista wa Kitaliano.
"Hakusema hivyo. Amesema: funga mlango.
Funga mlango, Candiru, vumbi linaingia!
Kila siku ya Mungu. Nalijua neno hilo
kuliko jina langu."

Uwanja ukaangua kicheko. Nami nikafungua mdomo nicheke.

Mwaka wa themanini, Oktoba. Nina miaka sita.
Askari wanakuja, mji mzima unaelekea Zaire
na magodoro kichwani.
Mama amenitanguliza nje na sufuria.
Hakuomba, hakulia. Alirudi mara moja tu,
nikadhani amesahau chumvi.
Akafunga mlango. Akalitikisa kufuli mara mbili
kama mtu anayekwenda sokoni.
Tuliporudi hapakuwa na mlango, wala ukuta,
wala majirani wa upande wa mashariki.
Ufunguo ulibaki kwenye pindo la leso yake
miaka kumi na tisa.

Nikamwambia Alioni: rudisha.
Akarudisha, na sote tukaona
kijana akiingia ndani kinyumenyume,
kamba ikijifungua yenyewe, nguo zikitoka sandukuni,
unga ukirudi kuwa vumbi jeupe mikononi mwa mama.
Kisha mbele tena. Kuku. Moshi. Kizingiti.
Nikaweka maikrofoni mbali kidogo na mdomo.
"Funga mlango," nikasema,
kwa sauti ambayo sijawahi kumuuzia mtu.

"Ndivyo," akasema Candiru,
akasogeza kiti chake kushoto,
maana mbele yake palikuwa na kichwa kikubwa
na filamu ilikuwa bado.